Mchakamchaka wa Alfajiri: Misingi ya Elimu ya Viungo katika Shule za Pwani



Mhariri wa jarida letu alinitaka niandike historia fupi ya michezo shuleni. Nimeona afadhali nianze hatua moja nyuma ya michezo, kwa kuwa michezo ni matawi tu, na shina lake ni mazoezi ya viungo. Mpira huchezwa na watu kumi na mmoja, shule nzima ikakaa pembeni kushangilia. Mazoezi ya viungo ni ya kila mwanafunzi, aliye hodari na asiyejua hata kupiga danadana, mnene na mwembamba, wa kidato cha kwanza na wa mwisho. Basi habari za vikombe na magoli nawaachia wengine, nami nitaeleza habari za mwili wa mwanafunzi: nani aliufundisha katika pwani hii ya Bagamoyo, aliufundisha vipi, na kwa faida ya nani.

Swali hilo la mwisho ndilo kiini cha makala haya. Kwa zaidi ya miaka 150 shule za pwani zimefundisha viungo vya vijana, na karibu kila aliyevifundisha alikuwa na kazi yake mwenyewe aliyotaka vimfanyie. Anayetafuta mtumishi huchagua wenye nguvu na kuwaacha wanyonge. Anayetaka kijana awe na siha kwa maisha yake mwenyewe hamwachi hata mmoja. Tukilishika jambo hili tutaelewa kwa nini mchakamchaka, uliolalamikiwa na kila kizazi cha wanafunzi, ni urithi usiofaa kutupwa.

KABLA YA KENGELE YA SHULE

Si kweli kwamba watu wa pwani walingoja wageni waje kuwafundisha kunyoosha viungo. Wakwere, Wazaramo, Wadoe na Wazigua walikuwa na jando lao, na kumbini kijana hakufundishwa adabu peke yake, bali pia kustahimili baridi ya usiku, njaa na maumivu bila kulia. Watoto walikuwa na michezo yao: mieleka mchangani, kombolela, rede, kukimbizana na kuruka. Wakubwa walicheza kirumbizi, ngoma ya bakora, ambayo asiyekuwa na jicho jepesi na mkono mwepesi hutoka nayo na nundu kichwani. Ufukweni watoto wa wavuvi walijua kuogelea kabla ya kujua kuhesabu, na walipokua walivuta juya, wakapiga kasia, wakapanda mlingoti. Misuli ya mgongo na mabega iliyopatikana hivyo haikuhitaji chuma cha kunyanyua.

Tena palikuwa na wapagazi. Bagamoyo ndiyo iliyokuwa mlango wa misafara ya bara, na mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo zipatazo 32, akatembea nao miezi mingi kwenda na kurudi. Mwezi Februari 1874 Chuma, Susi na wenzao waliufikisha Bagamoyo mwili wa Dkt. Livingstone, aliyefariki mwezi Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Walikuwa wamesafiri zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu, wakipita penye njaa, maradhi na hatari za njiani. Sisemi haya kuusifu upagazi, maana njia ileile ilipitisha watumwa, na wengi waliiacha mifupa yao kando yake. Ninasema tu kwamba nguvu ya pumzi na ustahimilivu vilikuwapo nchini mwetu kabla ya filimbi ya mwalimu yeyote.

JEMBE NA TARUMBETA

Shule ya kwanza ya namna ya kisasa katika eneo letu ilikuja na Mapadre wa Roho Mtakatifu. Walivuka kutoka Unguja mwaka 1868 wakiongozwa na Padre Antoine Horner, wakajenga misheni yao nje kidogo ya mji wa Bagamoyo. Wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Siku ya mtoto misheni iligawanywa baina ya sala, darasa na kazi. Kazi yenyewe ilikuwa shambani, penye minazi na bustani, na katika karakana za useremala na uhunzi. Hapakuwa na somo lililoitwa elimu ya viungo. Jembe na randa ndivyo vilivyokuwa mwalimu wa viungo.

Kitu kimoja kiliwashangaza wageni. Misheni ilikuwa na bendi ya watoto ya matarumbeta. Stanley, aliyepita Bagamoyo mwaka 1871 akielekea bara kumtafuta Livingstone, alisimulia habari zake katika kitabu chake. Kupuliza tarumbeta si jambo dogo, kwani hutaka kifua kipana na pumzi iliyotawaliwa, na kuandamana huku ukipuliza hutaka hatua zilizopangwa. Hapo vijana wa pwani walianza kufundishwa kwenda pamoja kwa mapigo.

Tuwe waadilifu katika kuhukumu. Watoto wale walitolewa katika mnyororo, wakalishwa, wakapewa ufundi. Walakini kazi ya shamba si sawa na mazoezi ya viungo. Anayelima kutwa huimarisha mgongo na mikono, lakini kifua chake huinama, na viungo visivyotumiwa na jembe husahaulika. Isitoshe, kipimo cha kazi kilikuwa mahitaji ya shamba, siyo mahitaji ya mwili wa mtoto.

MOJA, MBILI! MOJA, MBILI!

Wadachi waliiteka pwani kwa vita dhidi ya Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani, vita vilivyoanza mwaka 1888. Makao makuu yao yalikuwa Bagamoyo mpaka mwaka 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam. Mara baada ya hapo walianza kufungua shule za serikali pwani. Ile ya Tanga ilipata sifa kubwa, na hapa Bagamoyo mfanyabiashara tajiri Sewa Haji alijitolea mali yake ili pawepo shule isiyobagua watoto kwa rangi wala dini. Serikali ilitaka makarani, wakalimani, maakida na walimu wa kuitumikia.

Katika shule hizo viungo vilipata kipindi chao rasmi. Ili kukielewa, hatuna budi kuvuka bahari kidogo. Mwaka 1806 majeshi ya Napoleon yaliipiga vibaya nchi ya Prussia. Mwaka 1811 mwalimu mmoja aitwaye Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi karibu na Berlin. Vijana walipanda kamba, wakabembea katika vyuma, wakaruka vizingiti, na lengo halikufichwa: kuinua tena taifa lililoshindwa na kulipatia vijana wenye nguvu za kupigana. Mazoezi hayo yakawa sehemu ya shule za Kijerumani, na walimu wa Kidachi walikuja nayo Afrika Mashariki, wakayachanganya na gwaride la askari. Mtoto wa Tanga au Bagamoyo alisimama mstarini, akageuka kulia, akageuka kushoto, akatembea kwa ngoma na zumari.

Ubaya wa mafunzo yale ulikuwa katika nia yake. Mwili ulifundishwa kutii kabla ya kufundishwa kuwa na afya. Amri moja, mwendo mmoja, na anayekosea anapata kiboko. Waliofundishwa walikuwa wachache, kwa sababu watumishi waliotakiwa walikuwa wachache.

Lakini watu wa pwani si wa kupokea kitu na kukiacha kama kilivyo. Walilitazama gwaride, wakalipenda, wakaligeuza ngoma. Ndipo ikaenea Beni, ngoma ya mistari, vyeo vya kubuni, sare na matarumbeta, pamoja na vyama vyake viwili vilivyoshindana kwa miaka mingi, Marini na Arinoti. Ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikashuka Tanga na Dar es Salaam, na baada ya Vita vya Kwanza ikaingia bara. Mkufunzi wa Kidachi alilileta gwaride ili atiiwe, nao wakalicheza kwa furaha yao. Tulitie jambo hili akilini, maana litarudi.

MPIRA WA MWINGEREZA

Kandanda ilitangulia utawala wa Kiingereza. Wamisionari wa U.M.C.A. waliicheza na wanafunzi wao katika chuo cha Kiungani, Unguja, katika karne ya 19, na wahitimu wa chuo hicho waliitawanya kila walikokwenda kufundisha. Mwaka 1925 chuo kilihamia Minaki, karibu na Dar es Salaam. Huku mjini vilabu vikaanza kuota, na vile viwili tunavyovigombania mpaka leo, Yanga na Simba, vilizaliwa mwaka 1935 na 1936.

Kuhusu mazoezi ya viungo yenyewe, mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizitembelea nchi za Afrika Mashariki, ikashauri shule zifundishe afya na matumizi mema ya wakati wa mapumziko. Mwaka 1933 serikali ya Uingereza ilichapisha mtaala wa mazoezi ya viungo kwa shule zake, na mtindo wake ukafika mpaka kwetu: kunyoosha mikono, kuinama, kuzungusha kiuno, kuruka papo kwa papo, mwalimu akihesabu. Mizizi ya mazoezi yale ilikuwa Sweden, ambako Per Henrik Ling aliyapanga tangu mwaka 1813 kwa kufuata elimu ya maumbile ya mwili. Kwa upande huu tulipata faida. Kwa mara ya kwanza mwalimu aliambiwa afikirie kila kiungo kwa zamu yake.

Hata hivyo kilichotukuzwa shuleni kilikuwa timu. Shule ziligawanywa kwa mabweni yaliyoshindana, ikawekwa Siku ya Michezo, vikombe vikapangwa kabatini. Mwingereza aliamini kwamba uwanja hufundisha uongozi, kukubali kushindwa na kuheshimu mwamuzi, na kwa kiasi alisema kweli. Walakini aliyetukuzwa ni bingwa. Asiyekuwa na kipaji alibaki kuokota mpira ulioangukia kichakani. Watoto wa kike ndio walioachwa mbali zaidi: wachache walikuwa shuleni, na wazazi wengi wa pwani hawakuona heshima kwa binti kukimbia na bukta hadharani. Hakuna aliyekaa na wazazi wale kutafuta vazi na mahali panapofaa. Ilionekana rahisi zaidi kuwaacha mabinti wafagie uwanja.

UHURU NA MCHAKAMCHAKA

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika kwa haraka. Tarehe 10 Julai 1963 lilianzishwa Jeshi la Kujenga Taifa, na kambi yake ya Ruvu iko katika mkoa wetu wa Pwani. Mwaka 1967 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Michezo la Taifa. Mwezi Machi mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe jamaa inayoishi kwa jasho lake badala ya kiwanda cha makarani. Waliomaliza kidato cha sita na vyuo walitakiwa kupita JKT kwa mujibu wa sheria, na wengi wao walikuja kuwa walimu wetu. Walipokuja shuleni walikuja na mchakamchaka.

Kwa vijana wasioujua vizuri, nitaueleza. Kengele hulia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wanafunzi hutoka mabwenini wakiwa bado wanapikicha macho, hujipanga safu mbili au tatu, na mwimbishaji hushika nafasi yake ubavuni. Hapana kukimbia mbio za kushindana. Ni mwendo wa kunyanyua magoti kidogo, miguu yote ikitua pamoja, mmoja akiimba na mamia wakiitikia. Shule hutoka langoni, hupita njia ya mchanga katikati ya minazi, huzunguka kijiji, hurudi. Kisha kunyoosha viungo dakika chache uwanjani, kuoga, usafi wa mazingira, uji, darasa.

Mambo matatu yaliutofautisha na yote yaliyoutangulia. La kwanza, ulikuwa wa wote. Hapakuwa na kuchaguliwa wala kuachwa, na mwalimu wa zamu alikimbia pamoja nasi. La pili, haukuhitaji fedha. Shule isiyokuwa na mpira hata mmoja iliweza kuwa na mchakamchaka. La tatu ni lile la Beni: mwendo wa kiaskari uligeuzwa kuwa ngoma, nao wimbo ndio uliotuvuta. Kijana aliyekimbia kilomita nne huku akiitikia hakujua kwamba amekimbia kilomita nne.

Tena palikuwa na hekima ambayo wengi wetu hatukuitambua. Wataalamu wa mazoezi hutumia kipimo rahisi cha kujua kama mwendo unaufaa moyo: ukiwa unakimbia nawe unaweza kusema, mwendo ni wa kadiri, ukishindwa kutoa hata maneno mawili matatu, umepita kiasi. Wimbo wa mchakamchaka ulikuwa kipimo hicho. Sauti ya waitikiaji ilipofifia, mwimbishaji mwenye akili alipunguza mwendo. Kwa namna hiyo hata mnyonge wa safu ya nyuma alifika.

Siha haikuachiwa miguu peke yake. Mwaka 1973 nchi nzima iliingia katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wakakusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujifunza jinsi ya kujikinga na malaria, kichocho, kuhara na maradhi mengine. Kwa pwani yetu somo hili lilikuwa kubwa. Safura huletwa na minyoo inayopenya ngozi ya miguu peku, ikanyonya damu. Kichocho hukaa katika madimbwi na mabwawa. Kijana mwenye damu haba hata umkimbize vipi hapati pumzi. Choo, viatu na maji safi ni sehemu ya elimu ya viungo sawasawa na uwanja.

Matunda yakaonekana. Mwaka 1965 Theresia Dismas alipata medali ya fedha ya kurusha mkuki katika Michezo ya Afrika huko Brazzaville, akawaonyesha wazazi kwamba binti wa Kitanzania anaweza. Mwaka 1968 huko Mexico John Stephen Akhwari aliumia goti katika marathoni, akafungwa bendeji, akafika wa mwisho, wa 57, wakati wenzake 18 walioanza naye walikuwa wameacha njiani. Tarehe 2 Februari 1974 Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 huko Christchurch kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia akiongoza tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwaka uliofuata akaichukua na rekodi ya maili moja. Bayi huyohuyo baadaye alianzisha shule, na moja ya kampasi zake iko Kibaha, mkoani kwetu.

Bagamoyo nayo ilipata chuo kilichounganisha viungo na sanaa. Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Humo hufundishwa ngoma za makabila yetu pamoja na sarakasi, ambayo vijana wa Kitanzania waliipata kwa ustadi mkubwa kutoka China katika miaka ya 1960. Anayedhani ngoma si mazoezi ya viungo na acheze mdundiko nusu saa tu, kisha ashike kifua chake.

Sitaki mnione nasifu bila kukosoa. Mchakamchaka ulikuwa na kasoro zake, na kubwa kuliko zote ni kufanywa adhabu. Aliyechelewa alichapwa, aliyekosa darasani aliongezewa mzunguko, na mtoto akajifunza kwamba kukimbia ni malipo ya kosa. Kasoro ya pili ni kutowasikiliza wagonjwa. Nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani, na kijana mwenye ugonjwa huo, au mwenye pumu, anaweza kuhatarishwa akilazimishwa kukimbia kama wenziwe. Wapo walioitwa wavivu kumbe ni wagonjwa. Mazoezi ya wote hayana maana ya mazoezi ya namna moja. Maana yake ni kwamba kila mtu ana yake.

UWANJA UNAPOPUNGUA

Tangu miaka ya 1980 mambo yalianza kulegea. Hali ya uchumi ilibana, vifaa vikaadimika. Mwaka 1994 mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisimamishwa, yakarudishwa mwaka 2013. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hata mashindano ya shule, UMISETA kwa sekondari na UMITASHUMTA kwa msingi, yalisimamishwa kwa miaka kadhaa kwa madai kwamba yanaharibu masomo, kisha yakarudishwa. Kizazi kizima cha wanafunzi kilipita katikati hapo.

Leo mashindano yapo, lakini yapo kwa waliochaguliwa. Shule nyingi za kutwa zilijengwa haraka katika viwanja vidogo. Ukitoka Tegeta, ukapita Bunju na Mapinga mpaka Bagamoyo, utaona nyumba zimesogea mpaka kwenye kuta za madarasa. Kijana aliyekuwa akitembea kilomita tano kwenda shule sasa hupanda bodaboda, na jioni hukaa na simu. Shirika la Afya Duniani linashauri kila kijana wa miaka 5 hadi 17 afanye mazoezi yasiyopungua dakika 60 kwa siku, lakini hesabu zilizokusanywa mpaka mwaka 2016 zilionyesha kwamba vijana zaidi ya 80 katika kila 100 duniani hawafikii kipimo hicho. Kisukari na shinikizo la damu, ambavyo wazee wetu waliviita maradhi ya wakubwa, vimeingia katika nyumba zetu za kawaida. Mwezi Desemba 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya wananchi kufanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Ni jambo jema, lakini anayeanza akiwa na miaka hamsini anakunja samaki aliyekwisha kauka.

MISINGI YENYEWE

Basi ninyi vijana, katika historia hii ndefu chukueni mambo manne.

Kwanza, pumzi. Kimbia, tembea haraka, ogelea au cheza ngoma mpaka jasho litoke, siku nyingi za juma. Anza kidogo, ongeza kidogo. Pwani yetu ina joto na unyevu, jasho halikauki upesi, na mwili hushindwa kujipoza. Ndiyo sababu alfajiri na jioni ni bora kuliko saa nane mchana. Kunywa maji kabla hujashikwa na kiu.

Pili, nguvu. Mara tatu kwa juma fanya mazoezi yanayokaza misuli na mifupa: kuruka kamba, kujiinua kwa mikono, kupanda, kubeba. Mifupa hujijenga zaidi katika ujana, na akiba utakayoweka sasa ndiyo utakayoila uzeeni.

Tatu, wepesi na mapumziko. Pasha mwili joto kabla ya mchezo, nyoosha viungo baada yake, lala usingizi wa kutosha. Misuli hukua wakati wa kupumzika, na asiyepumzika hujiumiza.

Nne, bahari. Hili halikuwekwa na mmisionari, wala Mdachi, wala Mwingereza, na sisi wenyewe tulilisahau. Tuna ufuko mrefu, lakini shule zetu nyingi hazimfundishi mtoto kuogelea. Waliotoka bara humaliza miaka minne pwani bila kujua kuelea. Mwezi Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama usiku karibu na Nungwi, na mamia ya watu wakapotea. Kuogelea ni zoezi la viungo vyote kwa pamoja, tena huokoa maisha. Lifundishwe na mwalimu anayejua, mahali palipochaguliwa, na kwa wasichana yapangwe mavazi na saa zinazowaridhisha wazazi wao.

KWA WENZANGU TULIOMALIZA ZAMANI

Ndugu zangu, kila tunapokutana tunachanga fedha za kikombe. Safari hii napendekeza kikombe kisubiri. Kwanza tuhakikishe kwamba uwanja wa shule umepimwa, mipaka yake imewekwa mawe, na hati yake ipo ofisini, kwani uwanja usiokuwa na hati ni kiwanja cha mtu mwingine kinachongoja siku yake. Pili, tununue vifaa vya wengi: kamba za kuruka, mipira ya kila darasa, mikeka ya mazoezi, wavu, na vifaa vya wasichana kwa hesabu sawa na vya wavulana. Tatu, tuwaombe walimu waweke daftari la afya, ili mwenye selimundu, pumu au ulemavu apewe zoezi lake na asipewe jina la uvivu.

La nne halina gharama. Mkutano wetu huanza saa nne asubuhi kwa hotuba. Wale wanaolala Bagamoyo usiku ule na waje shuleni saa kumi na moja na nusu, wajipange nyuma ya vijana, nao wakimbie kadiri wanavyoweza. Wenye matumbo tutatembea, na mwimbishaji nawaomba wanafunzi watuchagulie mwenye subira.